Kujichunguza matiti Eastlands, Nairobi: nikipata uvimbe, niupeleke wapi?

Mbona wengi wamesikia habari za kujichunguza, lakini wanaofanya ni wachache?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2014 ulionyesha kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 49 ndiye aliyewahi kujichunguza matiti. Husemwa wengine hawana elimu. Elimu inahitajika, lakini tazama ploti ya Kayole au Dandora: familia nzima chumba kimoja, bafu la pamoja, na jirani anagonga mlango akitaka zamu yake. Nafasi ya kujipapasa taratibu iko wapi? Kizito zaidi ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Mama mboga anajua kwamba skani, biopsi na nauli ni pesa, na kushinda hospitalini ni kufunga kibanda. Asiyeona njia ya matibabu huona heri asijue. Kwa hiyo anayemhimiza ajichunguze bila kumwonyesha pa kwenda anamwongezea mzigo tu.

Lakini si utafiti wa Shanghai, China, ulionyesha kujichunguza hakupunguzi vifo?

Ulionyesha, na tusiufiche. Wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo walifuatiliwa kwa miaka kama 10. Matokeo ya 2002: waliofundishwa kujichunguza walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kilekile cha wasiofundishwa, na wakafanyiwa biopsi nyingi zaidi za uvimbe usio saratani. Ndiyo maana zoezi hili lisiuzwe kama kinga, wala lisichukue nafasi ya kupimwa na muuguzi. Ila wanawake wale walikuwa na zahanati kazini, hivyo pa kwenda palikuwa karibu. Kenya, wagonjwa wengi hugunduliwa saratani ikiwa hatua ya 3 au ya 4. Tunachotafuta hapa ni kufupisha ile miezi kati ya kugusa uvimbe na kumwona daktari.

Basi mafunzo yaweje?

Mhudumu wa afya ya jamii aonyeshe kwa mikono, si kwa karatasi: siku chache baada ya hedhi, ukilala chali, vidole vitatu vya kati vikizunguka titi lote hadi kwapani. Ataje ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, chuchu inayotoa damu. Aseme waziwazi kwamba uvimbe mwingi si saratani. Na mwenye dalili aandikiwe rufaa ya Hospitali ya Mama Lucy Kibaki siku hiyohiyo.