Mashine ya Sauti na Kidonda cha Mguu

Tumeulizwa hivi: mama mmoja ana kidonda cha mguu kisichopona, na ameambiwa iko mashine inayoponya vidonda kwa sauti. Je, kikundi kimchangie?

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Sikio letu husikia sauti yenye mitikisiko isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine hii hutoa mitikisiko milioni 1 hadi 3, ndio maana husikii kitu. Mtaalamu hupaka ute maalum kwenye ngozi kando ya kidonda, halafu anazungusha kichwa cha mashine polepole. Nia ni kuichangamsha nyama ya pale ipone. (Siyo ile ya kumwangalia mtoto tumboni, ingawa zote hutumia sauti.)

Sasa, inaponya? Huko Uingereza na Ayalandi walijaribu kwa wagonjwa 337 wenye vidonda vigumu vya mguu, vile vinavyoletwa na mishipa inayorudisha damu kwa moyo. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini karibu nusu yao waliongezewa mashine mara moja kwa wiki, wiki 12. Majibu yalitoka mwaka wa 2011: waliotiwa mashine hawakupona haraka kuliko wenzao. Kwa hivyo sisi tunasema, kwa kidonda cha namna hiyo, pesa ya kikundi isiende huko.

Iende wapi? Kwa bandeji ya kukaza. Mishipa ikichoka, damu inakaa chini, mguu unavimba, na ngozi karibu na kifundo inapasuka. Bandeji ikifungwa kutoka vidoleni mpaka chini ya goti inaisukuma damu ipande. Mgonjwa atembee, na akipumzika alale akiinua mguu kupita kifua.

Lakini tafadhali, msimfunge wenyewe nyumbani! Kuna miguu ambayo damu haifiki vizuri: ni ya baridi, inauma hata usiku. Ukiukaza mguu kama huo unaweza kuoza. Muuguzi apime kwanza damu ya mguu, na sukari pia. Kidonda kilichokaa miezi mingi na kuota kingo ngumu kionwe na daktari, kwa maana huenda ni saratani. Majivu na maji ya betri visitiwe kabisa.

Bandeji hubadilishwa mara kwa mara, pengine kila wiki kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu ya nauli. Mweka hazina apige hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao. Halafu muulizane kwa upole: nani mwingine kati yetu anaficha kidonda chini ya leso?