Upasuaji wa Tezi za Shingo: Mwongozo kwa Mgonjwa na Familia Yake

Kijitabu hiki ni cha mtu aliyeambiwa ana uvimbe shingoni, na cha wale anaoishi nao: mume au mke, wazazi, watoto wakubwa, na jirani atakayemsindikiza hospitali. Wengi wenye rovu, yaani goita, huogopa kisu hata pale ambapo hawakihitaji, na kwa hofu hiyo hawaendi kupimwa. Wapo pia wanaopasuliwa salama, kisha wakadhoofika nyumbani kwa sababu hawakujua kuwa kidonge cha asubuhi ni sehemu ya tiba ileile. Daktari hufanya kazi yake kwa saa chache. Kazi ya familia huanza kabla ya hapo na huendelea kwa miaka.

Tezi hizi ni zipi?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Ina pande mbili, kulia na kushoto, zilizounganishwa katikati. Hutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, uzito, hedhi, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Ili itengeneze homoni hizo inahitaji madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku; mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250.

Nyuma ya thairoidi zimejibanza tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja ikilingana na punje ya mchele. Hizi ni parathairoidi. Kazi yake ni kusimamia kiwango cha kalsiamu katika damu. Bila kalsiamu ya kutosha, misuli na mishipa ya fahamu haifanyi kazi sawasawa. Ikizidi, figo na mifupa huumia. Kwa kuwa tezi hizi ni ndogo na zimegusana na thairoidi, upasuaji wa shingo unataka mkono wa mtu aliyeuzoea.

Kwa nini shingo huvimba?

Sababu ya zamani ni uhaba wa madini joto. Katika maeneo ya milimani mvua huyaosha kutoka ardhini, na mazao yanayolimwa hapo huyakosa. Ndiyo maana marovu yalienea sana Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, katika mikoa kama Iringa, Mbeya na Rukwa. Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya mezani iongezwe madini joto, na watoto wengi wamekingwa kwa njia hiyo. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa na madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na mvuke, na uitie kwenye chakula kikikaribia kuiva. Pale madini joto yanapokuwa haba, mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vizuri huongeza tatizo.

Hata hivyo, chumvi hukinga. Haiyeyushi rovu kubwa la miaka mingi lenye mabonge. Tena, si kila uvimbe hutokana na uhaba wa madini joto. Wakati mwingine kinga ya mwili huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi. Wakati mwingine huota kibonge kimoja au vingi, na vingi kati ya hivyo si saratani. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume.

Dalili za kuangalia

Homoni zikizidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda ilhali unakula vizuri, kukosa usingizi, macho kutokeza.

Homoni zikipungua: uchovu, kuhisi baridi, kunenepa, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi kuvurugika.

Nenda upimwe bila kuchelewa ukiona:
- kibonge kigumu au kinachokua haraka;
- sauti iliyokwaruza na isiyorudi;
- shida ya kumeza, au kukosa pumzi ukilala chali;
- vivimbe vingine pembeni mwa shingo;
- kibonge shingoni kwa mtoto.

Usikubali kuchanjwa chale wala kuchomwa juu ya uvimbe. Tezi hii ina damu nyingi, na kidonda kichafu shingoni ni hatari. Zaidi ya hayo, kila mwezi unaopotea ni nafasi kwa ugonjwa kukua.

Vipimo kabla ya uamuzi

Anzia zahanati au kituo cha afya, watakuandikia rufaa. Hospitalini utapimwa damu kujua kiwango cha homoni, na ultrasaundi kuona ukubwa na sura ya uvimbe. Kibonge kikitia shaka, daktari huchoma sindano nyembamba na kutoa chembechembe zinazotazamwa kwa hadubini. Sindano hiyo huchukua dakika chache, na utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Haisambazi saratani, kinyume na yanayosemwa mitaani.

Ni nani anayehitaji kupasuliwa?

Rovu dogo lisilo na usumbufu, vipimo vikiwa vizuri, hufuatiliwa tu. Upasuaji hushauriwa pale ambapo:
- kuna saratani, au vipimo havikuweza kuiondoa shaka;
- uvimbe unabana njia ya hewa au umio, au umeshuka nyuma ya mfupa wa kifua;
- homoni zimezidi na dawa hazikuleta nafuu;
- uvimbe ni mkubwa na unamnyima mtu raha.

Daktari anaweza kutoa upande mmoja au tezi yote, kulingana na ugonjwa. Aina ya saratani ya tezi hii inayoonekana zaidi hukua polepole, na wagonjwa wengi wanaowahi hupona. Baadhi huhitaji pia dawa ya iodini yenye mionzi baada ya upasuaji.

Kujiandaa

Mwenye homoni nyingi hapasuliwi hadi zishuke kwa dawa, kwa maana akilazwa mezani homoni zikiwa juu moyo wake unaweza kwenda kasi ya kuhatarisha maisha. Familia ihakikishe anameza dawa bila kuruka. Anayetumia kabimazoli akipata homa na koo kuuma, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu, kwani dawa hii kwa nadra hupunguza chembe nyeupe za kinga.

Mweleze daktari kila dawa unayotumia, zikiwemo aspirini na dawa za mitishamba. Sema kama una kisukari, presha, pumu au ujauzito. Mwombe aangalie nyuzi za sauti kabla ya upasuaji. Tafuteni mapema watu wa kuchangia damu iwapo hospitali itaihitaji, na pangeni nani atabaki na watoto.

Siku ya upasuaji

Utapewa dawa ya usingizi na hutasikia chochote. Mkato hupita mbele ya shingo, kwa kawaida kwenye kunjo la ngozi ili kovu lisionekane sana. Mgonjwa wa kawaida hukaa chumba cha upasuaji kati ya saa 1 na 3. Kisha hulazwa usiku mmoja au zaidi, kwa sababu damu ikivujia ndani ya shingo inaweza kubana njia ya hewa, na hilo hutokea zaidi katika saa 24 za mwanzo. Msindikizaji akiona shingo inavimba au mgonjwa anahema kwa shida, amwite muuguzi papo hapo.

Hatari nyingine ni mbili. Mshipa wa fahamu unaoongoza sauti unaweza kuguswa na sauti ikakwaruza. Mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi. Parathairoidi nazo zinaweza kushtuka, kalsiamu ikashuka. Ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, au mikono kukakamaa, ndizo dalili zake. Huanza siku za mwanzo, wakati mwingine mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Ameze vidonge vya kalsiamu kama alivyoandikiwa, na dalili zikiendelea arudi hospitali.

Kidonge cha kila asubuhi

Theodor Kocher, daktari wa Bern nchini Uswisi, alipasua maelfu ya marovu. Mwaka 1883 alieleza jinsi wagonjwa aliowatoa tezi yote walivyovimba uso, wakawa wazito wa mwili na wa akili. Hapo ulimwengu ukajua kuwa mwili hauwezi kuishi vizuri bila homoni ya tezi hiyo. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Leo homoni hiyo ipo kwenye kidonge cha levothairoksini. Aliyetolewa tezi yote atakimeza maisha yake yote; aliyetolewa upande mmoja apimwe kwanza, kwani wengi wao hawakihitaji. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu au vya madini ya chuma vimezwe saa 4 baadaye. Kipimo cha damu hufanywa baada ya wiki 6 hadi 8 ili dozi irekebishwe. Usiache kwa sababu unajisikia mzima. Uzima huo unatokana na kidonge. Mjamzito asikiache hata siku moja, bali awahi kliniki, kwa kuwa mara nyingi dozi huongezwa.

Upasuaji wa parathairoidi

Parathairoidi moja ikikua na kufanya kazi kupita kiasi, kalsiamu hutolewa mifupani na kujaa kwenye damu. Mtu hupata mawe ya figo yanayojirudia, mifupa kuuma au kuvunjika kirahisi, kiu, kukojoa sana, choo kigumu na huzuni isiyo na sababu. Mwenye mawe ya figo mara kwa mara aombe kupimwa kalsiamu. Ikiwa juu, hupimwa pia homoni ya parathairoidi. Mara nyingi tezi iliyoharibika ni moja tu. Ikitolewa, wagonjwa wengi hupona kabisa. Kalsiamu inaweza kushuka baadaye, hivyo dalili za ganzi zilizotajwa hapo juu zinawahusu wagonjwa hawa pia.

Rudi hospitali mara moja ukiona
- shingo inavimba, au pumzi inakuwa nzito;
- mikono kukakamaa, au degedege;
- homa, usaha au wekundu kwenye mshono;
- unapaliwa kila unapokunywa.

Muulize daktari wako
- Utatoa upande mmoja au tezi yote, na kwa nini?
- Umefanya upasuaji huu mara nyingi?
- Nitahitaji kidonge maishani, na nitakipata wapi karibu na nyumbani?
- Nirudi lini kwa vipimo?

Andika majibu kwenye daftari la kliniki, na umwonyeshe angalau mtu mmoja wa nyumbani. Siku ukizidiwa na usiweze kujieleza, mtu huyo ndiye atakayesema umefanyiwa nini na unatumia dawa gani.