Habari ya Sauti Inayokatika na Sauti Inayochelewa

Siku hizi kwaya nyingi za Mwanza hazingoji kwenda studio. Kompyuta huwekwa juu ya meza sebuleni, maikrofoni moja au mbili hufungwa, na nyimbo hunaswa papo hapo Pasiansi, au Igombe, nyumbani mwa mwanakwaya. Ni jambo jema, maana wazee wanaozijua sauti za zamani za nyimbo zetu hawawezi kupanda magari kila Jumamosi, na wengine wao hawatakuwapo mwakani. Lakini yako maradhi mawili yanayoisumbua kazi hii. La kwanza ni sauti kukatika: katikati ya ubeti husikika mlio kama wa kijiti kivunjikacho, au neno hukosa silabi. La pili ni sauti kuchelewa: mwimbaji aliyevaa hedifoni hujisikia nyuma ya pale alipo, naye huanza kuukokota wimbo, na wenzake humfuata. Tena pengo lililoingia wakati wa kunasa halizibiki baadaye. Silabi ambayo haikuandikwa haipo mahali popote. Kwa hiyo imetupasa kuzijua habari hizi kabla ya kuwaita watu.

Wengi hudhani kwamba haya ni maradhi mawili yasiyojuana. Sivyo. Ni kama pande mbili za mizani: ukiinua huku, kule hushuka.

Maana yake nini? Kompyuta haipokei sauti kama mto upokeavyo maji. Huikata vipande vidogo sana, 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, navyo huitwa sampuli. Haishughuliki na sampuli moja moja. Huzikusanya kwanza katika chombo kiitwacho bafa, ndipo hulichukua fungu zima. Fikirini nyumba isiyo na bomba, yenye pipa mlangoni, na kijana achotaye maji ziwani. Pipa likiwa dogo, maji ni mapya daima. Lakini kijana akisimama njiani kuzungumza, nyumba hukauka mara. Pipa likiwa kubwa, hata akikawia hakuna ajuaye. Lakini maji unayoyanywa leo yalichotwa jana. Kukauka kwa pipa ndiko kukatika kwa sauti, na maji kukaa pipani ndiko kuchelewa kwake. Kwa upande wa kunasa mambo hugeuka kidogo: pipa hufurika badala ya kukauka, na kile kinachomwagika ndiyo silabi iliyopotea.

Sasa tuone hesabu yake. Bafa ya sampuli 256, kwa kiasi cha 48,000 kwa sekunde, hushika milisekunde 5.3, yaani sehemu tano na kidogo za elfu ya sekunde. Ya 512 hushika 10.7, na ya 1,024 hushika 21.3. Tena sauti huingia na kutoka, hivyo hesabu hiyo huhesabiwa mara mbili, na vifaa vyenyewe huongeza kidogo. Je, hiyo ni nyingi? Simameni Mwaloni, Kirumba, mkamtazame kwa mbali fundi wa mitumbwi agongaye msumari. Mnaiona nyundo ikishuka, na mlio huja nyuma yake, kwa maana sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kila mita moja ni kama milisekunde tatu. Basi mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa milisekunde 10 ni kama anayemsikiliza mtu aliye mita tatu na nusu mbele yake. Hilo kila mwanakwaya amelizoea. Lakini bafa ya 1,024, kwenda na kurudi, ni zaidi ya milisekunde 42, yaani mita 14. Huyo anajisikia kana kwamba yeye mwenyewe anaimbia mlangoni mwa kanisa naye amesimama madhabahuni. Hakuna awezaye kushika mwendo namna hiyo.

Mtu atauliza: Je, nisiweke bafa kubwa tu, nikaondokana na mapengo? Jibu: Wakati wa kuchanganya na kusafisha nyimbo zilizokwisha kunaswa, fanya hivyo, hata 2,048 haina madhara, maana hakuna anayeimba. Wakati wa kunasa, anza na 256. Ikikatika, panda 512. Tena kisanduku cha sauti cha kuchomeka nje, ambacho mafundi hukiita saundi kadi, mara nyingi kina kitufe au kirungu cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja, kabla haijaingia katika kompyuta. Kitumieni hicho. Mwimbaji hujisikia bila kungoja, na bafa yaweza kuwa kubwa upendavyo. Naona ajabu jinsi watu wanavyohangaika miezi na mipangilio ya programu, na kitufe hicho kiko mbele ya macho yao, hakijaguswa. Ila ukikitumia, izime ile sauti irudiyo kupitia kompyuta, usije ukajisikia mara mbili.

Na hedifoni zisizo na waya ziwekwe kando kabisa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa bafa utakaoliondoa hilo. Vivyo hivyo na mazoezi kwa njia ya intaneti. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga makanisa katika nchi nyingi, kwaya zilijaribu kuimba pamoja kwa mikutano ya video zikashindwa; zile kwaya tulizoziona kwenye skrini, kila mtu alijinasa peke yake nyumbani, kisha fundi akaziunganisha sauti. Kutoka Mwanza hadi Berlin ni zaidi ya kilometa 6,000, na mwanga wenyewe ndani ya nyuzi za kioo hutumia milisekunde 30 kwa njia hiyo kwa uchache. Hilo si kosa la mtu.

Turudi kwa kijana aliyesimama njiani. Sauti ikikatika, watu wengi hukimbilia kununua kompyuta mpya, au kuongeza kumbukumbu. Nionavyo, fedha nyingi hupotea hapo. Mara nyingi nguvu za kompyuta zatosha. Tatizo ni kazi moja inayoizuia prosesa kwa muda mfupi, wakati ule ule bafa inapongoja kuhudumiwa. Imetupasa kumtafuta huyo azuiaye.

Kwanza ujue pengo liko wapi. Cheza wimbo ulionaswa, andika dakika na sekunde ya kila pengo, kisha uucheze tena. Mapengo yakirudi mahali pale pale, yaliingia wakati wa kunasa. Yakihamahama, wimbo wenyewe ni mzima, na tatizo liko katika kuucheza tu. Usiufute kwa hofu. Kwa kupima, wasiitwe waimbaji. Bonyeza ufunguo mmoja wa kinanda, kwa sauti isiyofifia, uweke kitu kizito juu yake, ukanase dakika kumi. Katika mlio ulionyooka pengo dogo kabisa husikika, na huonekana kwenye skrini kama jino lililong'oka. Kisha badilisha jambo moja tu, upime tena, uandike daftarini. Abadilishaye mambo matano kwa mara moja hajui lipi lililoponya.

Katika Windows, aliye wa kwanza kushukiwa ni draiva ya waifai, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa hicho. Zima waifai na Bluetooth wakati wa kunasa. Iko programu ya bure, LatencyMon, itazamayo ni draiva gani inayoikalia prosesa kupita kiasi. Iache ifanye kazi dakika kumi, nayo itaitaja kwa jina. Tena bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone ni kazi zipi zinazotumia prosesa na diski. Masahihisho ya Windows yanayoshuka yenyewe na ukaguzi wa virusi hupenda kuanza pale mashine inapodhani imetulia.

Umeme nao una sehemu yake. Kompyuta ya mapajani ikihamia betri hujipunguzia mwendo ili betri idumu, na mapengo huanza hapo hapo, ingawa dakika moja kabla yake kila kitu kilikuwa sawa. Ingia katika mipangilio ya nishati, uchague utendaji wa juu, na uizuie Windows isilaze matundu ya USB. Joto hufanya vivyo hivyo: mashine iliyopata moto hupunguza mwendo ili isiungue. Vumbi huziba njia ya feni, nasi tukaao karibu na ziwa tunao na wale wadudu wadogo wajao kama moshi kutoka majini, ambao huvutwa na mwanga wa skrini usiku. Isafishe feni, wala usiiweke kompyuta juu ya kitambaa.

Saundi kadi ichomekwe katika tundu la kompyuta yenyewe, si katika kigawanyio kilichojaa waya nyingine. Wimbo uandikwe katika diski ya ndani, si katika flashi iliyo nzito kuandika, wala katika folda inayojipakia mtandaoni. Tazama pia kwamba kiasi cha sampuli ni kimoja katika Windows, katika programu na katika saundi kadi. Kama huku ni 44,100 na kule 48,000, husikika vijimilio visivyo na mpangilio.

Njia ya sauti ndani ya Windows nayo si moja. Ya zamani, MME, ni ya kuchelewa kuliko zote. WASAPI, iliyokuja na Windows Vista, ni nyepesi zaidi. Na ASIO, iliyotolewa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997, hufupisha njia ili programu izungumze na saundi kadi kwa ukaribu. Tumieni draiva ya ASIO ya aliyetengeneza kisanduku chenu. Ikiwa hakuna, ASIO4ALL ya bure husaidia mara nyingi, ingawa si kila mashine huikubali.

Kwa wanaotumia Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, limebaki jambo la kulinganisha. Mkinasa sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, na ya pili ikakaa nyuma, si kosa la waimbaji. Tengenezeni mlio wa kuhesabu mapigo, muuweke hedifoni juu ya maikrofoni, mkaunase. Kuzeni picha ya mawimbi, mpime umbali kati ya mlio wa asili na ule ulionaswa. Programu huanza na fidia ya milisekunde 130 kurudi nyuma, iliyoandikwa −130. Mlio wenu ukiwa bado nyuma kwa 20, andikeni −150. Ukiwa umetangulia kwa 20, andikeni −110. Kisha pimeni tena, maana namba hiyo hubadilika kila mkibadilisha bafa au saundi kadi.