Insha ya Wasifu: Kueleza Ndege na Wadudu wa Bustanini na Njiani

Insha ya wasifu hueleza sifa za mtu, kiumbe, kitu au mahali ili msomaji aone kwa macho ya akili kile ambacho mwandishi alikiona. Swali linaweza kukutaka ueleze mnyama umpendaye, mandhari ya kijiji chenu, au matembezi ya asubuhi. Katika maswali hayo yote ndege na wadudu hawakosekani, na hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama, kwa sababu wanaeleza viumbe ambao hawajawahi kuwatazama. Soma aya ifuatayo. Aya za aina hii hujirudia sana kwenye karatasi za majibu:

"Asubuhi hiyo niliona ndege wazuri wenye rangi za kupendeza wakiimba nyimbo tamu. Pia kulikuwa na vipepeo vizuri vya rangi mbalimbali vikiruka huku na huko. Kwa kweli mandhari ilikuwa ya kuvutia sana."

Aya hii haina uongo, ila haina ndege pia. Maneno "wazuri", "za kupendeza" na "ya kuvutia" ni maoni ya mwandishi, wala si sifa za kiumbe. Msahihishaji hawezi kujua kama ndege hao walikuwa kasuku au njiwa. Aidha, lipo kosa la sarufi ambalo tutaliona baadaye. Sasa linganisha na aya hii:

"Chozi dume alitua kwenye ua la mgomba lililoning'inia nyuma ya jiko. Mwili wake ulikuwa mweusi, lakini kifua kilikuwa chekundu kama kaa la moto. Aliinamisha kichwa, akaingiza mdomo wake mwembamba uliopinda ndani ya ua, akafyonza, kisha akahamia ua la pili. Jike, mwenye rangi ya kahawia iliyofifia, alisubiri juu ya kamba ya nguo."

Aya ya pili haina msamiati mgumu kuliko ya kwanza. Tofauti ni kwamba mwandishi amemtaja ndege kwa jina lake, akataja alama inayomtenganisha na wengine, akaonyesha anachokifanya na mahali alipo. Hata neno "nzuri" halikuhitajika.

Namna ya kumtazama ndege

Anza na ukubwa, na umlinganishe na ndege ambaye kila msomaji anamjua: ni mdogo kuliko njiwa, anakaribia kuku, na kadhalika. Kisha tazama mdomo, maana mdomo hueleza chakula. Chiriku ana mdomo mfupi na mnene wa kuvunjia punje. Mwewe ana mdomo uliopinda kama ndoano, wa kuchania nyama. Mdiria ana mdomo mrefu ulionyooka kama mkuki, na kweli wako mdiria wanaochupa majini kukamata samaki. Ukishaueleza mdomo vizuri, nusu ya kazi umeimaliza.

Rangi huja baada ya hapo, na lazima useme iko sehemu gani ya mwili. "Ndege wa njano" haitoshi. Shore, ambaye hukosekana katika bustani chache sana, ana kichwa cheusi na mwili wa kahawia. Manjano yake iko chini ya mkia tu, na huiona vizuri akiwa tawini juu yako. Mnana dume naye ana manjano karibu mwili mzima, na utamkuta akifuma kiota cha majani kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi.

Kunguru ni mfano mzuri zaidi. Watahiniwa wengi huandika "kunguru mweusi" wakadhani wamemaliza. Hapa kwetu wako kunguru wa aina zaidi ya moja. Kunguru wa asili anayejulikana zaidi ana kifua na shingo nyeupe, kama aliyevaa fulana chini ya koti. Yule aliyejaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa ni mwembamba kidogo, hana weupe wowote, na shingo yake ni ya kijivu. Huyo ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kupunguza taka. Taka hazikuisha, naye akaenea hadi bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana katika mitaa mingi ya pwani ndege wadogo wamepungua. Mtahiniwa anayeandika kwamba kunguru "wa shingo ya kijivu" alikuwa akipekua kiota cha tetere amesema jambo kubwa kwa maneno machache.

Zingatia pia wakati. Ndege hushughulika zaidi kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Vipepeo husubiri jua liwape joto, hivyo ukiwajaza vipepeo kwenye insha ya alfajiri yenye umande, msomaji makini atashtuka. Majira nayo ni hivyo hivyo. Wako mbayuwayu wakaao hapa mwaka mzima, na wako wengine wanaokuja kutoka Ulaya kukimbia baridi ya kwao, ambao huonekana takriban Septemba hadi Aprili. Yangeyange, yule ndege mweupe mwenye mdomo wa manjano, mtafute malishoni karibu na miguu ya ng'ombe. Hafuati maziwa, anafuata panzi wanaorushwa na kwato.

Neno "mdudu" ni pana kuliko unavyodhani

Katika mazungumzo ya kila siku, mdudu ni karibu kila kiumbe kidogo kinachotambaa: buibui, jongoo, tandu, hata minyoo. Katika somo la baiolojia, mdudu kamili ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kidari na tumbo. Buibui, nge na kupe aliyekomaa wana miguu minane, kwa hiyo hawamo. Kwenye insha ya Kiswahili hutakosolewa kwa kumwita buibui mdudu, lakini ukiandika kwamba "mdudu yule alikuwa na miguu minane", umetumia jicho lako, nasi tunalithamini.

Wapo wadudu wanaochanganywa kila mwaka. Kipepeo huruka mchana, na vipapasio vyake, zile nyuzi mbili za kichwani, vina kifundo kwenye ncha. Akitua mara nyingi husimamisha mabawa yakakutana mgongoni. Nondo wengi huruka usiku, vipapasio vyao havina kifundo, na wakitua hulaza mabawa. Nyuki ana vinyweleo vingi mwilini ambavyo hushika chavua. Nyigu ana mwili laini na kiuno chembamba sana. Kumbikumbi wanaofurika kwenye taa baada ya mvua za kwanza si aina nyingine ya mdudu: ni mchwa wenye mabawa waliotoka kichuguuni kwenda kuanzisha makazi mapya. Hudondosha mabawa yao wenyewe, na asubuhi utayakuta yametapakaa barazani.

Kutazama huku si kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mwaka uliofuata alikuwa ameingia Tanzania. Mkulima anayeona "viwavi tu" hujua tatizo mahindi yakiwa yameshatobolewa. Anayetazama kwa makini huona mapema alama mbili: mstari mweupe usoni wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili. Kiwavi akiwa mdogo anaweza kudhibitiwa, hata kwa kuokotwa kwa mkono. Akishakua na kujificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa humfikia kwa shida. Tazama jinsi jambo hilo linavyoweza kuingia kwenye insha:

"'Bibi, huyu si kiwavi wa kawaida?' niliuliza. 'Mtazame usoni kwanza, mjukuu wangu,' alinijibu bila kuinuka. Nilichutama. Katikati ya jani lililotobolewa kama chujio, juu ya kinyesi kilichofanana na unga wa msumeno, kiwavi mmoja aligeuza kichwa. Mstari ule mweupe ulikuwepo. Bibi aliweka jembe chini, akaanza kukagua mstari wa pili, shina kwa shina."

Mwandishi hakusema kwamba Bibi aliogopa. Jembe limesema.

Upatanisho wa kisarufi

Majina ya viumbe hai wenye uhai wa kutembea, kuruka au kuogelea huchukua upatanisho wa YU/A-WA, hata kama jina linaanza na ki-. Ndiyo maana "vipepeo vizuri vikiruka" katika aya ya kwanza ni kosa. Sema "vipepeo wazuri wakiruka", "kiwavi huyu ametoboa", "mbu wengi wameingia". Lakini ukidunisha au kukuza nomino, upatanisho hubadilika: "kijidudu hiki kinatambaa", "dudu hili linatisha".

Viungo vya mwili navyo hufuata ngeli zake vyenyewe, si ya mwenye mwili. Mabawa ya kipepeo yanang'aa, hawang'ai.

Tahadhari na maneno yenye maana mbili, maana watunzi wa mitihani huyapenda. Ndege ametua tawini, lakini ndege imetua uwanjani. Nondo amekufa kwenye taa, lakini nondo imekatwa na fundi. Buibui amefuma utando, lakini buibui limechanika.

Neno moja kuhusu methali. Kufungua kila insha kwa "Wahenga hawakukosea waliposema" kumechosha wasahihishaji. "Dua la kuku halimpati mwewe" itumie pale tu ambapo mwewe amenyakua kifaranga mbele ya macho yako na mama kuku akabaki akipiga kelele.

Zoezi

1. Sahihisha sentensi hizi:
(a) Nyuki nyingi zimeingia mzingani.
(b) Mabawa ya kereng'ende wanameta juani.
(c) Kipanga kimebeba kifaranga kizuri.
(d) Kijidudu huyu anatambaa ukutani.

2. Kaa mahali pamoja nje ya nyumba kwa dakika 20, asubuhi au jioni. Mchague ndege mmoja na mdudu mmoja. Andika aya moja kwa kila mmoja bila kutumia maneno "mzuri", "kupendeza" wala "kuvutia".

3. Andika insha ya wasifu yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu "Saa Moja Chini ya Mwembe". Kumbuka kichwa cha insha, utangulizi, kiini na hitimisho.

Majibu ya swali la 1: (a) Nyuki wengi wameingia mzingani. (b) Mabawa ya kereng'ende yanameta juani. (c) Kipanga amebeba kifaranga mzuri. (d) Kijidudu hiki kinatambaa ukutani. Ukikosa (d), rudia maelezo ya udunishaji hapo juu kabla ya kuandika insha ya swali la 3.