Mguu Uliopinda na Kukakamaa Waweza Kunyoshwa



Katika somo hili tutajifunza juu ya miguu iliyopinda na kukakamaa. Tutaona jinsi madaktari wanavyoinyosha kwa pete za chuma zinazofungwa nje ya mguu. Tutaona pia kazi ya mgonjwa na jamaa zake. Kazi hiyo ni kubwa. Isipofanywa, kazi ya daktari hupotea.

MGUU HUPINDAJE?

Watoto wengine huzaliwa na nyayo za kupinda. Kisigino huwa juu na unyayo hutazama ndani. Katika watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa na hali hii. Si laana. Si kosa la mama wala la baba.

Watu wengine hupinda mguu baadaye. Sababu zaweza kuwa hizi:

1. Kuungua moto. Kovu hujikunja na kuvuta mguu.
2. Ugonjwa wa polio.
3. Mfupa wa kifundo cha mguu uliovunjika ukaunga vibaya.
4. Sindano ya takoni iliyochomwa mahali pasipofaa, ikaumiza mshipa wa fahamu.

MTOTO MCHANGA

Samaki mkunje angali mbichi. Mguu wa mtoto mchanga ni laini. Mtaalamu huunyosha kidogo kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, yaani hogo. Hogo hubadilishwa kila wiki. Mara nyingi hogo 5 hadi 7 hutosha. Watoto wengi hukatwa pia kano ya nyuma ya kisigino, mkato mdogo tu. Halafu mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito. Baada ya miezi ya kwanza, huvivaa wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 hivi. Njia hii ilianzishwa na Daktari Ignacio Ponseti huko Marekani katika miaka ya 1940.

Kwa hiyo usingoje mtoto akue. Mpeleke kliniki mapema.

MGUU WA MTU MKUBWA

Mtoto asipotibiwa hukua akikanyaga kwa ubavu wa unyayo. Ngozi ya hapo huota sugu na kutoka vidonda. Viatu havimwingii. Kutembea mpaka shambani au kisimani huwa taabu. Kano zake hufupika, na mifupa hukua ikiwa imepinda.

Mguu kama huo ukinyoshwa kwa siku moja, ngozi yaweza kupasuka. Mishipa ya damu yaweza kuvutwa hata vidole vikakosa damu. Daktari aweza pia kuondoa kipande cha mfupa, lakini mguu hubaki mfupi zaidi.

PETE ZA CHUMA

Katika miaka ya 1950, Daktari Gavriil Ilizarov wa mji wa Kurgan, Urusi, alibuni njia nyingine. Fikiri gurudumu la baiskeli. Kuna rimu, na kuna spoku zilizokazwa. Chombo cha Ilizarov hufanana nalo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha nyaya nyembamba ndani ya mifupa, kisha huzikaza kwenye pete zinazozunguka mguu. Pete huunganishwa kwa vyuma vyenye nati. Wagonjwa wengine hukatwa mfupa pia, wengine hawakatwi.

Baada ya siku chache, nati huanza kuzungushwa. Chukua rula. Tazama mistari midogo. Nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 1. Mguu huvutwa kwa kiasi hicho kwa siku nzima, tena kwa mafungu 4: robo asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo usiku. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa siku 30 ni milimita 30, yaani sentimita 3. Ngozi, kano na mishipa hupata nafasi ya kurefuka.

Mguu ukinyoka, pete haziondolewi mara moja. Huachwa kwa wiki kadhaa zaidi. Kisha hufungwa hogo, halafu kiatu maalumu. Kazi yote ni ya miezi. Ukiacha njiani, mguu hurudi ulikotoka.

KAZI YAKO NYUMBANI

1. Zungusha nati kama ulivyoagizwa. Usizidishe ili upone upesi. Usilegeze kwa sababu ya maumivu.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha matundu ya nyaya kama ulivyofundishwa. Usipake majani, majivu wala samadi.
3. Nyosha vidole vya mguu kila siku, maana huelekea kujikunja.
4. Kanyaga au tumia magongo kama daktari alivyosema.
5. Usivute sigara. Sigara huchelewesha mfupa kuunga.

RUDI HOSPITALI UPESI ukiona vidole vina ganzi, baridi au vimebadilika rangi, usaha au uvimbe kwenye matundu, homa, au waya uliokatika.

KABLA YA KUKUBALI

Muulize daktari maswali haya. Nitakaa na pete muda gani? Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na nauli za kurudi? Nitarudi mara ngapi? Jadilini nyumbani nani atakusaidia, na nani atalima sehemu yako msimu huo. Jua pia kwamba kifundo hakitakuwa laini kama cha mtu aliyezaliwa mzima. Wagonjwa wengine hupinda tena. Lakini lengo ni unyayo ukanyage chini wote, uvae kiatu, na utembee bila kidonda. Hilo si jambo dogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mguu uliokakamaa haunyoshwi kwa siku moja?
2. Mguu ukivutwa milimita 1 kwa siku, utavutwa sentimita ngapi kwa siku 20?
3. Je, kijijini kwenu kuna mtoto mwenye nyayo za kupinda? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake wiki hii ili wampeleke zahanati?