Wiki Moja Haitoshi: Kumtafutia Matibabu Ndugu Aliyenaswa na Dawa za Kulevya

SOMO LA JUMA
La kusoma nyumbani: Luka 10:30-37



Tukitoka ibadani na kushuka kuelekea Hillbrow, tunawapita vijana waliokaa ukutani wakiwa wamesinzia na vichwa vimeinama. Zamani tulikuwa tunasema, "Hao si wa kwetu." Siku hizi hatuwezi kusema hivyo. Wengine ni watoto tuliowafundisha Shule ya Jumapili.

Mama mmoja wa kanisa letu ametuomba tueleze yaliyompata, bila kutaja jina, ili wengine wapate kujifunza. Mwanawe alianza kuvuta nyaope. Kwanza alimficha, akatuambia kijana amepata kazi ya usiku. Kisha akamfungia chumbani siku sita. Mwisho akachukua zamu yake ya likelemba, fedha zote, akalipa nyumba moja iliyojiita kituo cha matibabu. Hapakuwa na nesi wala mshauri, palikuwa na kufuli tu. Baada ya majuma matatu kijana alirudi amenenepa. Tulimsimamisha mbele, tukapiga makofi, tukaenda majumbani kwetu. Siku ya nne alivuta kiasi kilekile alichokuwa amezoea, na mama akamkuta amelala bafuni, midomo imebadilika rangi. Alipona kwa sababu jirani aliwahi kuita gari la wagonjwa.

Tulimlaumu kijana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua jambo ambalo lingeweza kumlinda, na ndilo somo la leo.

1. Kinachotokea mwilini

Nyaope ni heroini, ambayo ndugu wa Tanzania na Kenya wanaiita unga, iliyochanganywa na vitu vingine na kuvutwa pamoja na bangi. Mwili ukishaizoea, mtu akikosa kwa nusu siku tu anaanza kuumwa: jasho, kuhara, kutapika, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Vijana wa Dar es Salaam wanaita hali hiyo arosto. Inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja hivi.

Hapo ndipo familia nyingi zinakosea. Maumivu yakiisha, tunadhani ugonjwa umeisha. Kumbe tamaa ya dawa bado iko kichwani kwa miezi mingi, ila mwili umepoteza uwezo wa kuhimili kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kilekile, pumzi inaweza kusimama. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya kutoka kituoni, hospitali au jela ni siku za hatari kubwa. Ukimkuta haamki, anapumua polepole sana, au midomo ina rangi ya buluu, mlaze ubavu na piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Usimwache peke yake.

Pombe ina hatari nyingine. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, kwa maana anaweza kupata degedege na kufa. Ni hivyohivyo kwa vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi. Hao waanzie kwa daktari.

2. Ngazi za matibabu

Matibabu yana ngazi, na wiki ya kwanza ni ngazi ya chini kabisa.

Ya kwanza ni kutoa sumu mwilini chini ya uangalizi wa daktari au nesi, ambao wana dawa za kupunguza maumivu.

Ya pili ni ushauri nasaha. Mgonjwa anakutana na mwanasaikolojia au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, peke yake na katika kundi, ili ajue kinachomsukuma kutumia na ajifunze kuishi bila dawa. Wengi wetu tulipita vitani na njiani kuliko na mabaya, na vidonda hivyo navyo vinahitaji kusemwa. Wengine wanalazwa kituoni kwa majuma kadhaa. Wengine wanatibiwa huku wanalala nyumbani na kwenda kazini. Kwa anayetumia kristali ngazi hii ndiyo matibabu yenyewe, kwa kuwa hakuna dawa maalum iliyothibitishwa ya kuondoa uraibu huo.

Kwa heroini kuna pia tiba ya methadoni, dawa inayonywewa kila siku chini ya uangalizi. Inazuia arosto na kumwezesha mtu kufanya kazi na kulea watoto. Wengine wanaitumia kwa miaka, kama mgonjwa wa kisukari anavyotumia dawa yake, na hilo si aibu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa bure mwaka 2011, na Kenya ikafuata. Hapa Afrika Kusini si rahisi kuipata bure, lakini ulizeni kwa jina lake. Na familia inayofikiria kumrudisha kijana nyumbani iulize kwanza kama huko anakokwenda kuna tiba. Kumpandisha basi peke yake si matibabu.

Ya tatu ni kufuatiliwa: nyumba ya mpito, ambayo Zanzibar wanaiita soba hausi, miadi ya mshauri, na vikundi kama Narcotics Anonymous, ambako watu waliopita njia hiyo wanasaidiana bila malipo. Akianguka tena hapa, tusimfukuze. Arudishwe kwenye matibabu haraka.

3. Pa kuanzia hapa Johannesburg

Anzeni na simu. Idara ya Maendeleo ya Jamii ina namba ya msaada wa dawa za kulevya, 0800 12 13 14, saa 24. Waelezeni mnaishi Berea, mgonjwa ana umri gani, na anatumia nini.

SANCA, shirika lililofanya kazi hii tangu 1956, lina ofisi Johannesburg. Wanapima hali ya mgonjwa na kushauri kama alazwe au atibiwe akiwa nyumbani. Ulizeni mapema kuhusu ada, na waambieni kipato chenu halisi.

Serikali ya Gauteng ina kituo cha kulaza wagonjwa huko Cullinan, kinachoitwa kwa majina ya Dk. Fabian Ribeiro na mkewe Florence. Kwa kawaida mtu anafika huko kwa kupitia mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa hiyo ombeni kuonana naye kwanza.

4. Maswali kabla ya kutoa hata randi moja

Sheria namba 70 ya mwaka 2008 inataka kila kituo cha matibabu kiwe kimesajiliwa. Ulizeni:

- Cheti cha usajili kiko wapi? Tuonyesheni.
- Nani anaangalia wagonjwa usiku? Kuna nesi? Daktari anakuja lini?
- Mshauri amesajiliwa? Mwanasaikolojia anasajiliwa na HPCSA, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii na SACSSP. Ombeni namba yake muihakikishe.
- Familia inaruhusiwa kumtembelea na kuongea naye?
- Akitoka, nani atamfuatilia, na kwa muda gani?

Wakisema wanaponya watu wote kwa siku kumi, au wanatumia minyororo na viboko, ondokeni, hata kama wanataja jina la Mungu katika kila sentensi.

5. Makaratasi, lugha na siri

Wengi wanaogopa kwa sababu ya makaratasi. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mkimbizi haki ya huduma za msingi za afya sawa na wenyeji. Tunajua kuna ndugu waliozuiwa mlangoni mwa kliniki. Msiende peke yenu: beba kibali au nakala yake, na mwombe mtu wa kanisa akusindikize.

Kuhusu lugha, msimtumie mtoto kuwa mkalimani. Mtoto hapaswi kubeba habari za kaka yake, na mgonjwa hatasema ukweli mbele yake. Ombeni mkalimani mtu mzima mnayemwamini. Habari za ugonjwa ni siri kwa mujibu wa sheria, na sisi pia tuziheshimu. Ombi la sala lisigeuke kuwa habari ya mtaa.

6. Akikataa

Usimpe fedha mkononi, lakini usimnyime chakula wala salamu. Chagua saa ambayo hajalewa, zungumza naye kwa ufupi, na uwe umeshapata miadi ili akisema "ndiyo" mwende siku hiyohiyo. Ikiwa amekuwa hatari kwake mwenyewe au kwa familia, sheria ileile ya 2008 inaruhusu mtu wa karibu au mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoa kiapo kwa mwendesha mashtaka, na hakimu akachunguza kama apelekwe kutibiwa. Ni njia ya mwisho, lakini ipo.

Tukumbuke Msamaria. Alifunga majeraha, akampeleka mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akalipa, na kuahidi kurudi. Sisi kwa kijana yule tulifanya sehemu ya kwanza, tukasahau kurudi. Sasa yuko kwenye matibabu ya kweli, na kila Jumanne mmoja wa wazee anamsindikiza kwa mshauri. Tunahitaji watu watatu zaidi wa kupokezana. Mwenye nafasi aonane na ofisi ya kanisa baada ya ibada.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu mtoto anaweza kusema "nimeanza kutumia" bila kuogopa kupigwa au kufukuzwa?
2. Ndugu akitoka kituoni leo, nani atakuwa naye wiki ya kwanza? Na mwezi wa tatu?
3. Kwa nini tunamchangia haraka mgonjwa wa figo, lakini tunamnong'ona mgonjwa wa dawa za kulevya?

Mungu awabariki.