Nambari ya darasani isimnyime mwanao usingizi

Shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, vituo vya magari mijini hujaa vijana wenye masanduku na magodoro, wakielekea shule za sekondari kwa mara ya kwanza. Wengi wao walikuwa hodari mno huko walikotoka, na baadhi hawakuwahi kupitwa na mtu darasani. Muhula unapokwisha, kijana yuleyule hurudi nyumbani na ripoti inayosema amekuwa wa 41 kati ya wanafunzi 50. Nyumba nzima huingia simanzi. Baba huuliza, "Umeharibikia wapi?" Mama naye huanza kuwashuku marafiki wapya.

Aghalabu kijana huyo hajaharibika hata kidogo. Linaloharibika baada ya siku hiyo ni afya yake, kwa sababu ya hatua anazochukua ili kuirudisha nambari yake ya zamani. Huacha mpira, hujitoa katika kwaya, huamka saa tisa usiku kusoma, na chakula hukila mbiombio akiwa amesimama. Makala haya yanawahusu wazazi na wanafunzi walio katika hali hiyo.

NAMBARI NA ALAMA NI VITU VIWILI

Ikiwa shule imewakusanya wanafunzi 50 ambao wote walikuwa wa kwanza walikotoka, mmoja wao hana budi kuwa wa 50. Hilo si kosa la mtu. Nambari hueleza wengine wamefanya nini. Alama ndizo zinazoeleza mwanafunzi mwenyewe amefika wapi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi alipata alama 48 za Hisabati muhula wa kwanza, 55 muhula wa pili na 61 muhula wa tatu. Katika kipindi hicho nambari yake ilikuwa ya 38, kisha ya 37, kisha ya 40. Mzazi anayetazama nambari peke yake atasema mtoto anarudi nyuma. Anayetazama alama ataona kwamba ameongeza alama 13 kwa mwaka mmoja. Mtoto huyo astahili pongezi, lakini katika nyumba nyingi hupokewa kwa kemeo.

Mtaala wa sasa unapaswa kutusaidia kuliona jambo hili. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026. Tathmini waliyofanya mwaka 2025 wakiwa Gredi ya 9 ilitumia viwango vinane, kuanzia walio chini ya matarajio hadi waliozidi matarajio. Swali lake ni kama mwanafunzi amelimudu somo. Hata hivyo, tabia ya kuuliza "umekuwa nambari ngapi?" imetukaa ndani tangu zamani, na haitatoka kwa siku moja.

USINGIZI NI SEHEMU YA MASOMO

Kijana wa kati ya miaka 13 na 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Wakati wa usingizi ubongo hupanga na kuhifadhi mambo yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo anayeiba saa mbili za usingizi ili asome zaidi huenda akapoteza sehemu ya yale aliyokwisha kuyasoma. Isitoshe, mwili wa kijana anayebaleghe huchelewa kuhisi usingizi jioni, na hupenda kuchelewa kuamka asubuhi. Anapoamshwa alfajiri na mapema, si uvivu unaomfanya asinzie darasani.

Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri amelala saa 6 tu. Amepungukiwa na angalau saa 2. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, deni hilo hufika saa 10. Halilipwi kwa kahawa nzito, tembe za kufukuza usingizi, wala kutumbukiza miguu katika karai la maji baridi, jambo ambalo vizazi vingi vya wanafunzi wa mabweni wamelijaribu. Matunda yake ni kichwa kuuma, hasira za upesi, kusahau, na makosa madogo madogo katika mtihani.

Sheria zenyewe zinalitambua jambo hili. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala katika shule za bweni. Hizo ni saa 8 na nusu. Mzazi anayehudhuria mkutano shuleni ana haki ya kuuliza kwa adabu kama ratiba hiyo inafuatwa. Kwa mwanafunzi wa kutwa, adui mkubwa ni msongamano wa magari jioni, na simu usiku. Simu na ilale sebuleni, na mwenyewe alale chumbani.

KIPAWA SI ADUI WA ALAMA

Kanuni hizohizo zimetenga saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45 alasiri kwa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kucheza mpira, kukimbia au kucheza ngoma hutosha. Mwili uliochangamka hulala vizuri, na fikira hutulia.

Kuna faida nyingine isiyoonekana upesi. Kijana ambaye thamani yake yote imewekwa katika nambari moja ya ripoti huvunjika moyo nambari hiyo inapoanguka. Lakini yule anayejua kwamba ni mpiga zeze mzuri, au kipa anayetegemewa na timu, ana nguzo nyingine ya kuegemea siku Fizikia inapomshinda.

Katika Gredi ya 10 mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Pamoja na masomo ya lazima, huchagua masomo matatu. Apendacho kisipopatikana katika masomo hayo, kinaweza kukaa katika chama cha shule. Anayesoma Kemia hakatazwi kuimba. Ushauri wetu ni kwamba muhula wa kwanza achague chama kimoja, au viwili kwa uchache wa wasiwasi. Anayejiandikisha katika vitano hatapumzika, nako huko ni kuudhulumu mwili.

DALILI ZA KUANGALIA

Mzazi, mchunguze mwanao siku ya kumtembelea na wakati wa likizo. Maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na sababu, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kulia ovyo, kujitenga na wenzake, au kuacha ghafla kitu alichokipenda, yote hayo ni ishara. Yakidumu wiki mbili, mpeleke kwa daktari, na uzungumze na mwalimu wa darasa. Akitaja kufa au kujidhuru, usimkemee wala usingoje. Tafuta msaada siku hiyohiyo. Childline Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 116, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

SIKU YA KUFUNGA SHULE

Ripoti itakapofika, jaribu kuuliza maswali haya kwa mpangilio huu. Kwanza, "Unalala saa ngapi?" Pili, "Ni somo gani umepanda tangu mara iliyopita, na ni lipi linakutatiza?" Tatu, "Ni nini kilikufurahisha muhula huu?" Nambari ya darasani iacheni hadi mwisho, na ikiwezekana chai iwe imekwisha kunywewa.

Nawe mwanafunzi, chukua ripoti ya muhula uliopita uiweke kando ya hii mpya. Mtu unayepaswa kushindana naye ni yule aliyeandikwa katika karatasi ile ya kwanza. Ukimpita kwa alama mbili au tatu, umefanya kazi. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha lala mapema.